Dakika ya Hamsini na Tatu

Habari hii nimeipata kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, Jumamosi iliyopita mchana, akiwa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha anachokikalia kila akija. Mimi nilikuwa nashona kifungo cha sweta. Alipomaliza kusimulia nilikuwa nimeshashona hadi vifungo ambavyo havikuwa vimelegea.

Shemeji si mtu wa maneno. Anaweza kuja, akanywa chai, akasoma gazeti la juzi, akaaga, na maneno yake yote yasifike kumi. Wanangu walipokuwa wadogo walimwita Baba Mdogo Bubu. Nikawagombeza, yeye akacheka. Hakuoa. Ana chumba kimoja cha kupanga, jiko la mafuta, kitanda cha mtu mmoja, na redio isiyowaka ambayo ameweka juu yake picha ya mama yao. Hana nyumba nyingine ya kwenda isipokuwa hii yangu. Kwa hiyo Jumamosi ile alipovua kofia akaniambia, "Shemeji, keti, nina neno," nilishtuka. Nikajua ni ugonjwa.

"Umekwenda hospitali?"

"Hospitali ya nini? Nimesema keti, sijasema lia."

Nikaketi.

"Nimesema jambo la marehemu mbele ya watu," akaniambia. "Jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui. Nisikilize mpaka mwisho, halafu uniambie kama niendelee kuja hapa au nisije tena. Ukisema nisije, sitauliza kwa nini."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi, lakini nilimtazama mikono. Alikuwa ameishika ile kofia kama mtu aliyeshika sahani ya watu, anaogopa kuivunja.

Kazi yake ni ya mitambo, katika ofisi inayopima filamu kabla hazijaingia kwenye majumba ya sinema. Wakaguzi wanaitazama filamu, kisha wanasema hii ya watu wote, hii kuanzia miaka kumi na mitatu, hii kumi na sita, hii ya watu wazima peke yao. Yeye si mkaguzi. Yeye ni Fundi, na ndivyo wanavyomwita. Yuko juu, katika chumba kidogo nyuma ya kioo, anawasha mashine, anazima mashine. Chini yake kuna ukumbi wa viti ishirini, na kumi na saba siku zote ni vitupu. Vitatu vya mbele ndivyo vya wakaguzi, na kila kimoja kina kijimeza, taa ya shingo ndefu, na fomu.

Wakaguzi wenyewe ni watatu. Mwenyekiti ni mama aliyekuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na mpaka leo akiingia mahali watu wananyoosha migongo. Wa pili ni Mwanasheria, kijana wa suti ya kijivu. Wa tatu ni Nesi, anayefanya kazi katika zahanati ya shule na huomba ruhusa siku za ukaguzi.

Kanuni yao ni kwamba filamu ikianza hawazungumzi, hawacheki wala hawachungulii karatasi ya mwenzao, ili mmoja asimvute mwingine. Chini ya skrini kuna saa ya namba nyekundu. Mkaguzi akiona bastola, sigara, damu, au akisikia tusi, anaitazama saa, anainama, anaandika dakika, anaandika kilichotokea, anaandika na uzito wake kuanzia moja mpaka tano. Risasi lazima zihesabiwe.

"Kwa hiyo wewe unaona visogo," nikamwambia.

"Miaka kumi na tisa, shemeji. Mwanasheria anaota upara hapa katikati, nami nimeujua kabla yake."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie kwa mdomo gani? Fundi haongei na wakaguzi habari za filamu. Na zaidi ya filamu, tuna habari gani?"

Kisha akanieleza kitu ambacho miaka yote sikukijua. Spika ya kile chumba chake ilikufa miaka kumi na moja iliyopita. Aliandika barua tatu. Ya kwanza na ya pili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa asubiri. Basi tangu hapo anaziona filamu zote bila sauti, midomo inafunguka na kufungika tu, kama samaki.

"Mwanzoni nilikuwa nawatungia maneno," akasema. "Mwanamke akifumbua mdomo namsemea, mwanamume akijibu namjibia. Siku moja nikajisikia nimo kwenye ugomvi mkali, mimi na mimi, kwa sauti mbili. Nikaacha."

Sindano ilinisimama mkononi. Mimi nilikuwa nikidhani kimya chake ni tabia tu, kumbe na kazini nako ni hivyohivyo.

"Sasa hiyo filamu inaitwaje?" nikauliza.

"Siwezi kukutajia, tumekula kiapo."

"Hadithi yake?"

"Hiyo nayo ni kiapo."

"Basi umekuja kunisimulia nini, kofia?"

Akacheka kidogo. "Hadithi nitakupa, jina sikupi. Nusu ya kiapo nitakuwa nimeitunza."

Ilikuwa filamu ya wafanya mazingaombwe. Mzee mmoja mwenye fimbo na wanafunzi wake wanne wanapanga ukumbi mkabala na benki. Kila wakifanya onyesho kuna kitu kinapotea mjini, na hakuna anayejua kinapita wapi, mpaka siku ya mwisho wanapochukua sanduku la vito kutoka kwenye sefu, askari wakiwa wamejaa mlangoni. Mabango yake yalikuwa mjini mwezi mzima. Watoto wa shule walikuwa wameisubiri iangukie likizo, na wenye sinema walitaka ipewe kumi na mitatu, maana kwa kumi na sita nusu ya viti vyao vingebaki tupu.

Filamu inafika ofisini imefungwa kwa namba za siri za wenyewe. Inafunguka siku moja tu, saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana. Ikishajifunga, hata uipigie magoti haifunguki, labda uandike barua ungoje wiki mbili. Na uamuzi wa hii ulitakiwa saa kumi jioni siku hiyohiyo, Jumatano.

Wakaitazama ikaisha. Shemeji akazima, akafuta vumbi kwenye mashine kama kawaida yake, akafungua mkate wake. Kujadili ni kazi ya wale wa chini. Saa nane simu ya ukutani ikalia.

"Fundi, shuka."

Katika miaka yote hiyo alikuwa ameitwa chini mara mbili, na mara zote mbili ni umeme. Akachukua bisibisi akashuka nayo.

Aliwakuta wamezunguka meza, wamevua miwani, fomu zimetapakaa.

"Kuna kilichoharibika, Mwenyekiti?"

"Weka bisibisi chini, Fundi," Mwenyekiti akasema. "Kilichoharibika ni sisi. Tumekwama swali la tisa."

Swali la tisa la ile fomu linauliza kama filamu inaonyesha namna ya kutenda kosa kwa jinsi ambayo kijana anaweza kuiga. Sasa ili ulijibu lazima ujue kosa limetendwaje. Na hawakujua, hata mmoja wao.

"Mimi nimeandika hapa," Mwanasheria akasema, akisoma karatasi yake, "'Saa moja na dakika arobaini na mbili, wizi umefanyika.' Umefanyikaje, sikuona. Nilikuwa naandika tusi."

"Mimi nilikuwa naandika sigara," Nesi akasema.

"Nami nilikuwa nahesabu risasi," Mwenyekiti akasema. "Saba au nane, hata hizo sina hakika. Wewe Fundi, uliona?"

Shemeji aliniambia kwamba hapo alitaka kugeuka nyuma kutazama ni Fundi gani anayeulizwa.

"Niliona," akajibu.

"Sefu walifunguaje?"

"Hawakufungua. Waliofungua ni benki wenyewe."

Wakatazamana. Akaomba vikombe viwili vya chai na leso. Akawaonyesha pale mezani. Kikombe hiki ni sanduku la vito, hiki ni lile la kwenye onyesho. Mzee mwenye fimbo alikuwa akisema sana, na kila akisema watu wote ndani ya filamu walimtazama mdomoni, na wakaguzi nao masikio yao yalikuwa hukohuko. Shemeji hakuwa na masikio ya kuvutwa. Alikuwa ametazama mikono. Akaona mkuu wa benki anamwagiwa maji kwenye koti na mpishi dakika ya themanini, akaona koti linabadilishwa na masanduku mawili yanabadilishwa chini yake, akaona askari analipeleka sanduku la onyesho ndani ya sefu akidhani analirudisha la kweli, na mkuu wa benki mwenyewe analibeba lile la kweli jukwaani, anapigiwa makofi.

"Alaa!" Nesi akasema. "Kumbe yule wa maji!"

"Yule mpishi wa dakika ya kumi na nne!" Mwanasheria akaongeza. "Nilimwandika kwa sababu ya kisu."

"Ndiye huyohuyo."

Wakacheka. Kanuni ya kutocheka ilikwisha pamoja na filamu, kwa hiyo walicheka sana, na Mwenyekiti akapiga meza. Shemeji aliniambia, "Nilisema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Yalikuwa yananitoka tu. Nikawa najiuliza, huyu anayeongea ni nani?"

Mwenyekiti akavaa miwani. "Haya. Kuiga jambo hili kijana anahitaji ukumbi, sanduku la pili, mpishi bandia na mkuu wa benki mjinga. Haliigiki. Mimi ni kumi na mitatu."

"Kumi na mitatu," Nesi akasema.

Mwanasheria, ambaye mpaka hapo alikuwa ameng'ang'ania kumi na sita, akainua mikono. "Nami nimeridhika. Kumi na mitatu."

"Asante sana Fundi, umetuokoa. Unaweza kwenda."

Akachukua bisibisi yake. Akafika mlangoni, akashika kitasa.

"Shemeji," akaniambia, "ningetoka. Ningetoka na heshima yangu yote, na wao wangenikumbuka kwa uzuri. Kesho Nesi angenisalimu kwa jina la utani. Nilikuwa naliona hilo kabisa."

Lakini aligeuka.

"Mwenyekiti, na dakika ya hamsini na tatu mmeiandika?"

Wakapekua. Dakika ya hamsini na mbili wote walikuwa wameandika, risasi tatu uchochoroni, uzito wa tatu. Dakika ya hamsini na tano tusi. Katikati palikuwa patupu kwenye fomu zote.

"Ilikuwa na nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Nilikuwa naviona vichwa vyenu vitatu vimeinama, mnaandika zile risasi," shemeji akasema. "Ndipo ikaja." Akawaeleza. Chumba cha bweni, vitanda viwili, wasichana wanne wa sare. Yule msichana mdogo katika kundi la wezi, ambaye ndiye anajifunza, anawaonyesha wenzake mchezo. Kuna sanduku la bati la mwanafunzi, la kawaida kabisa. Anaingia ndani anajikunja. Wenzake wanafunga komeo, wanapitisha kufuli, wawili wanakalia juu. Wanafungua, sanduku tupu. Yeye anaingia kwa mlango anakula chungwa.

"Tundu la kutokea halikuonyeshwa," akasema. "Hakuna kilichoonyeshwa ila sanduku, kufuli, na furaha. Sefu hawawezi kuiga. Sanduku wanalo kila nyumba."

Mwanasheria akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, shemeji alinisisitizia hilo, alikuwa akifanya kazi yake. "Fundi, samahani. Chumbani kwako spika haifanyi kazi. Utajuaje kwamba hawakusema, jamani msijaribu hili nyumbani?"

"Sijui."

"Huoni basi?"

"Naona ndiyo, lakini sikusikia. Nyinyi mlisikia. Mlisikia nini?"

Nesi akafumba macho. "Kulikuwa na watoto wanahesabu," akasema polepole. "Kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia. Na vicheko. Nilidhani wanacheza kujificha, nikaendelea kuandika."

"Hata mimi niliwasikia," Mwenyekiti akasema. "Onyo sikusikia."

"Walikuwa wanahesabu juu ya sanduku lililofungwa," shemeji akasema.

Mwanasheria bado. "Sawa. Lakini tunazungumzia kijana wa miaka kumi na mitatu, si mtoto wa kutambaa. Kumi na mitatu mtu ana akili. Anajua filamu ni filamu. Ni mtukutu gani huyo atakayemfungia mwenzake kwenye sanduku?"

Hapo shemeji akaacha kusimulia. Akaniomba maji. Nikamletea, akanywa nusu, akaiweka bilauri dirishani, akaitazama barabara ambayo haikuwa na kitu ila mtu mmoja anaosha pikipiki.

"Sasa ndipo penyewe," akasema. "Hili nimewaambia wageni kabla yako, na si haki. Ndiyo maana nimekuja."

Yeye alikuwa na miaka minane. Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa na kumi na mitatu. Alikuja mfanya mazingaombwe shuleni kwao, akamwingiza msichana kwenye sanduku, akapiga kidole, msichana hayupo. Shule nzima ilirudi nyumbani vinywa wazi. Kesho yake mama yao alikuwa kazini. Palikuwa na sanduku lao la bati, la nguo. Kaka akazitoa nguo zote, akazikunja vizuri akazipanga kitandani.

"Alizikunja, shemeji. Ndivyo alivyokuwa, unamjua."

Namjua. Alikuwa akikunja hata soksi.

Akamwambia mdogo wake, ingia, nitakutowesha, nitahesabu mpaka mia, halafu utatokea jikoni. Akaingia. Likafungwa komeo. Akasikia kaka anahesabu, sauti nzuri ya darasani. Ilipofika mia komeo likakataa. Lilikuwa limepinda. Akasikia anavuta, anagonga kwa jiwe, anamwita, "Bado upo? Bado upo?" Kisha akasikia miguu inakimbia.

"Nikajua amekwenda kuita watu," shemeji akasema. "Kwa hiyo nikaanza kuhesabu mwenyewe. Nilifika mia nikarudia. Nikarudia tena. Hakuita watu. Alikimbia akajificha nyuma ya shule. Aliogopa tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa na akili, na akaogopa."

Jirani alikuja kuazima ndoo, akasikia kucha zinakwaruza bati. Wakavunja. Alikuwa amezimia. Walimwagia maji akazinduka, na mama yake alipofika kutoka kazini, neno la kwanza alilomuuliza ni nani amekufungia. Naye akajibu, nilijifungia mwenyewe. Akachapwa. Hakuna aliyejiuliza mtu aliye ndani anafungaje komeo la nje. Jioni kaka yake akarudi, akakaa karibu naye kwenye mkeka, akampa kipande chake cha mkate. Basi. Hawakulizungumza usiku ule wala mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Miaka hamsini na mmoja. Hata siku za mwisho, hospitali, shemeji alipokuwa akimlisha uji kwa kijiko, walikuwa wanaongea habari za mpira.

"Sasa pale ukumbini," akaniambia, "ningeweza kusema aliyenifungia ni rafiki. Neno rafiki lilikuwa limeshafika hapa kooni. Lakini Mwanasheria alikuwa ameuliza, mtukutu gani. Ningesema rafiki, wangesema, naam, mtukutu fulani. Filamu ingepita. Ilibidi wajue hakuwa mtukutu. Nikawaambia alikuwa wa kwanza darasani. Nikawaambia alikunja nguo. Nikawaambia ni kaka yangu, wa tumbo moja, hakuwahi kunipiga hata kofi."

"Wakasema nini?"

"Nesi aliniuliza nilikaa humo muda gani. Nikasema sijui, mimi nilijua mia tu."

Mwenyekiti akasema kwamba alipokuwa mwalimu mkuu yeye mwenyewe alikuwa akiwaalika wafanya mazingaombwe kila mwisho wa muhula, watoto wakipenda mno, na hakuwahi kuuliza siku ya pili nyumbani kwao kulitokea nini. Akavuta rula. Akakata kumi na mitatu kwa mstari ulionyooka, akaandika kumi na sita, na chini yake sababu.

Mwanasheria ndiye aliyeandika kumbukumbu. Shemeji alizisoma akiwa amesimama: "Wajumbe wamebaini tukio la hatari linaloigika, dakika ya 53."

"Jina lako haliwezi kuingia, Fundi," Mwanasheria akamwambia, na uso wake ulikuwa umeshuka. "Wewe si mjumbe."

"Sikuliomba."

Akapanda juu. Mkate wake ulikuwa umekauka. Baada ya kitambo akasikia hatua kwenye ngazi, akaja Nesi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kupanda pale. Akasimama mbele ya kioo akatazama vile viti chini.

"Kumbe ndivyo tunavyoonekana," akasema.

"Ndivyo."

Kisha akasema zahanati inamsubiri, akashuka. Saa kumi wenye filamu wakapiga simu ya ofisi, wakafoka hata yeye kule juu, mlango wake ukiwa wazi, aliwasikia, wakiuliza ni nani aliyeliona hilo jambo dogo. Mwenyekiti akawajibu, "Sisi," akakata simu. Shemeji akafunga chumba, akaenda zake. Alhamisi hakusema na mtu. Ijumaa hakusema na mtu. Jumamosi akaja kwangu.

"Ndiyo hayo," akamaliza.

Mimi nikanyamaza. Wala si kwa kutaka. Nilikuwa na uchungu, niseme kweli, na uchungu wenyewe ulikuwa wa kijinga. Miaka thelathini na minane nimelala na yule mtu. Najua aliogopa nini, alipenda nini, meno yapi yalimuuma. Na hili hakunipa. Mwanasheria wa suti ya kijivu amelijua siku tatu kabla yangu. Nilimwonea wivu Mwanasheria. Nikatamani kumgombeza mtu, na aliyekuwa karibu ni mmoja tu.

Shemeji akakisoma kimya changu vibaya. Akainuka, akaivaa kofia, akaiweka sawa.

"Basi, nimeelewa," akasema. "Sitauliza kwa nini."

"Wewe nawe! Umeelewa nini?" nikamfokea. "Mtu amenyamaza kidogo tu na wewe umeshafika mlangoni. Hivyo ndivyo mlivyolelewa? Mmoja hasemi mpaka anakufa, mwingine hasubiri ajibiwe. Kaa chini."

Akakaa, kofia kichwani.

Nikamwambia nilichokuwa nimekikumbuka wakati yeye anasimulia. Kifungua mimba wetu alipoanza kutambaa, mume wangu alirudi jioni moja kutoka kazini, hakuvua hata viatu, akaingia chumbani na nyundo, akang'oa mfuniko wa sanduku letu la nguo. Nikamuuliza vipi. Akasema bawaba zimeshika kutu. Bawaba zile nilikuwa nimezipaka mafuta kwa mkono wangu wiki ileile. Tuligombana siku mbili. Miaka yote iliyofuata nguo zetu zilishika vumbi, nikazifunika kwa shuka kuukuu, na kila nikikung'uta lile shuka nilikuwa nikimsema kwa ubishi wake, hata mbele ya wageni, hata mbele yako wewe, shemeji, utakumbuka. Alikuwa anacheka tu. Nilipotaka kununua jokofu la mitumba, alikwenda kulikagua, akarudi akasema halifai, lina mlango wa kujibana. Tukakaa bila jokofu.

Shemeji alikuwa amenikazia macho.

"Aling'oa?"

"Kwa nyundo. Na kabati la watoto alilitoboa matundu nyuma, akaniambia ni ya hewa, nguo zisinuke."

"Na mfuniko aliupeleka wapi?"

"Aliezekea banda la kuku."

Akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akaishusha kofia mpaka usoni, na chini ya ile kofia sikujua tena kama bado anacheka, nami sikuchungulia. Nikatafuta kifungo kingine cha kushona.

"Angeniambia tu," akasema ndani ya kofia. "Ningemwambia sikukasirika."

"Na wewe ungemwambia kwanza. Mlikuwa wajinga wawili. Vua viatu."

"Nitakwenda sasa hivi."

"Utakwenda wapi, kwenye redio isiyowaka? Vua viatu, miguu yako inavimba, naiona."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye dole gumba, akaificha chini ya nyingine. Nikamuuliza kama Jumatatu kuna filamu. Akasema ipo, ya wanyama, ya watu wote. Nikamwambia aandike barua ya nne ya ile spika, nami nitamsaidia maneno, maana ninayo mengi kuliko yeye. Akasema hana uhakika kama bado anaitaka sauti, ameshazoea mikono. Halafu akasema kitu kingine kuhusu Nesi, kwamba alipokuwa amesimama pale kiooni alinuka dawa ya kusafishia vidonda, lakini neno la mwisho halikutoka vizuri, kichwa kikamwangukia kwenye ukuta wa dirisha.

Katika miaka yote ya kuja kwake hakuwahi kulala nyumbani kwangu hata lepe. Nje yule mtu alikuwa amemaliza kuosha pikipiki yake na amekwenda. Ilikuwa saa tisa na robo, jua limefika katikati ya sakafu, na shemeji alikuwa amelala.